Kusahihishiwa Majibu ya Kemia kwa Mtandao Kabla ya Mtihani wa Utumishi wa Umma: Uzoefu Wangu

Kama umechagua kemia katika mtihani wa ushindani wa utumishi wa umma na fedha yako inatosha kulipia kitu kimoja tu, lipia kusahihishiwa. Video za masomo zinapatikana kila mahali, na madesa ni bora uyaandike mwenyewe. Ila jicho la mtu anayelisoma jibu lako kama mtahini, bila kukujua wala kukuonea huruma, huwezi kujipatia peke yako.

Huduma niliyoitumia inauza vitu vitatu kwa pamoja: video, madesa na usahihishaji wa majibu ya kuandika kwa mkono. Unapewa swali, unaliandikia kwa saa inayohesabu, unapiga picha karatasi zako na kuzituma, kisha zinarudi zikiwa na alama pamoja na maoni pembeni. Maswali yao yanafuata mtindo wa mitihani mikubwa ya aina hii, ukiwemo ule wa Tume ya Utumishi wa Umma ya India, ambako kemia ni somo la hiari lenye karatasi mbili, kila moja alama 250 kwa saa 3. Karatasi ya kwanza imebeba kemia fizikia na kemia isokaboni, na ya pili kemia ogania pamoja na spektroskopia, yaani kutambua molekuli kwa jinsi zinavyofyonza mionzi.

Hebu piga hesabu. Dakika 180 kwa alama 250 maana yake swali la alama 10 lina dakika 7 na sekunde chache. Humo ndani usome, ufikiri, uchore, ukokotoe na uandike kwa mwandiko unaosomeka. Wengi tunapiga msuli kwa kusoma na kuelewa, tunafunga kitabu tukiwa na uhakika kwamba mada imeingia. Kuelewa ni jambo moja, na kuliandika jibu kamili ndani ya dakika 7 ni ujuzi mwingine kabisa, ambao haujengwi kwa kusoma.

Hapa ndipo usahihishaji ulipoonyesha thamani yake. Chukua seli ya Daniell, zinki upande mmoja na shaba upande wa pili, volteji yake sanifu ikiwa 1.10. Swali linakupa ukolezi wa ioni za zinki 0.1 na wa ioni za shaba 0.01, zote kwa moli kwa lita, katika nyuzi 25 za selsiasi. Jibu ni volti 1.07, na aliyezoea hulipata kichwani. Msahihishaji aligawa alama kwa namna iliyonifungua macho: mmenyuko wa seli nzima ukiwa umesawazishwa, idadi ya elektroni zinazohama, ambazo ni 2, mlinganyo wa Nernst, unaounganisha volteji na ukolezi, ukiwa na zinki juu na shaba chini, kisha namba zenyewe, na mwisho kizio. Jibu la 1.07 lilibeba sehemu ndogo tu ya alama. Mtu anayeruka moja kwa moja hadi jibu, hata akiwa sahihi, anaacha alama nyingi mezani.

Kwenye kemia ogania ukali wao ulizidi, na ninaushukuru. Mshale uliopinda katika hatua za mmenyuko huanzia pale elektroni zilipo na kuishia pale zinapokwenda. Ukichora mshale unaotoka kwenye protoni kwenda kwenye oksijeni, umesema jambo lisilowezekana, kwa sababu protoni haina elektroni ya kutoa. Vitabu vingi vinataja kanuni hii mara moja na kusonga mbele. Msahihishaji huyu alizungushia kalamu nyekundu kila mahali ilipovunjwa, hadi mkono ukazoea.

Maswali ya spektra ndiyo niliyoyapenda kuliko yote. Unapewa fomula C₃H₆O, mfyonzo wa infraredi karibu na 1715 kwa sentimita, na mstari mmoja tu wa protoni karibu na 2.1 ppm kwenye spektra ya NMR, ile inayoonyesha protoni za molekuli. Hiyo ni asetoni, na haichukui muda kuitambua. Lakini maoni yalidai utaje pia unachokikataa na sababu yake: fomula inaruhusu bondi maradufu moja au pete moja, 1715 inaelekeza kwenye kabonili, na propanali haiwezi kuwa kwa kuwa protoni yake ya aldehidi ingeonekana kati ya 9 na 10. Mtahini anataka kuuona mchujo huo kwenye karatasi. Baada ya maoni ya namna hiyo, majibu yangu ya spektra yalibadilika sura kabisa.

Kemia ya kampaundi za uratibu, zile ambazo ioni ya metali imezungukwa na molekuli au ioni nyingine, sina mengi ya kuisemea. Walisahihisha vizuri, wakisisitiza mchoro wa obitali kila swali linapogusa usumaku, kwa mfano kueleza kwa nini [CoF₆]³⁻ ina elektroni 4 zisizo na jozi wakati [Co(NH₃)₆]³⁺ haina hata moja.

Sasa kasoro, maana zipo. Wasahihishaji hawalingani. Nilimtumia mmoja jibu la swali kuhusu heksatrini, mnyororo wa kaboni 6 wenye bondi maradufu 3, unavyojifunga kuwa pete kwa joto. Niliandika kwamba ncha mbili za mnyororo huzunguka kwa kupishana mwelekeo, disrotatori, kwa kuwa elektroni za pai ni 6. Akanikata alama kwa kutumia kanuni ya mfumo wa elektroni 4, ambayo inaihusu butadini. Nilikata rufaa nikiambatanisha hoja, na alama zikarudishwa bila ubishi. Nawapa heshima kwa kurudisha. Hata hivyo namwazia mtahiniwa ambaye mada hii bado haijamkaa sawasawa: angeamini ile nyekundu na kwenda nayo hadi chumba cha mtihani. Ndiyo maana nasema huduma ya aina hii inamfaa mtu aliyekwisha kupita silabasi yote angalau mara moja. Anayeanza kabisa atafute kwanza mwalimu na kitabu.

Madesa yao sikuyapenda. Ukurasa wa viwango thabiti unaweka R, kiwango thabiti cha gesi, mara mbili, 8.314 na 0.0821, bila kizio chochote. Namba ya kwanza ni ya juli na ya pili ni ya lita na angahewa. Ukiingiza ya pili kwenye hesabu ya nishati huria ukidhani unapata juli, jibu linapungua karibu mara 101. Kosa la namna hiyo katika kitu kinachouzwa kwa watahiniwa linaumiza, kwa sababu kuna mtu atalikariri usiku kucha.

Video ni ndefu na zinarudia mambo ya sekondari. Niliziacha mapema.

Kuhusu muda wa kurudishiwa, maswali ya hesabu yalirudi haraka, yale ya maelezo marefu yakachelewa hadi nilikuwa nimekwisha hamia mada nyingine. Andika kwa kalamu nyeusi, si penseli, na upige picha mchana karibu na dirisha. Michoro ya penseli hufifia kwenye picha, na msahihishaji hatoi alama kwa kitu asichokiona.

Kabla hujalipa, omba kuona jibu moja lililokwisha kusahihishwa, jina la mwandishi likiwa limefutwa. Lisome maoni, usitazame alama. Ukikuta vema na maneno kama “vizuri” au “ongeza maelezo” tu, tafuta kwingine. Uliza pia kama jibu ulilolirudia baada ya maoni linasomwa bure au linakatwa kwenye kifurushi. Kwangu lilikatwa, nami nikaendelea kurudia hata hivyo, kwa sababu alama zangu zilipanda zaidi kwenye maswali niliyoyaandika upya kuliko kwenye maswali mapya. Kifurushi kidogo chenye nafasi ya kurudia kinakufaa zaidi kuliko kikubwa ambacho kila swali unaligusa mara moja tu.