Kihisi cha Ngumi Kinaujua Mkono, Hakiijui Miguu

Kwa muda wa wiki kumi nimefanya mazoezi ya ndondi nikiwa nimevaa jozi ya vihisi vya ngumi, vile vidude vyepesi ambavyo huchomekwa ndani ya bendeji juu ya kifundo cha mkono na kutuma hesabu zake kwenye simu bila waya. Sitaitaja chapa, kwa sababu ninayotaka kuyasema yanahusu aina hii ya vifaa kuliko kampuni iliyovitengeneza. Vilinivutia kwa ahadi moja iliyoandikwa juu ya kasha, kwamba mpigaji akifuata namba zake atapiga makonde mazito zaidi, nami nilivitumia nikiwa na nia ya kuipima ahadi hiyo tu.

Katika kuhesabu, sina lawama kubwa. Niliwahi kumwomba mwenzangu ahesabu kwa mdomo wakati nachapa begi raundi nzima ya dakika 3, na tofauti kati ya hesabu yake na ya simu ilikuwa ndogo. Yaliyopotea yalikuwa makonde mafupi ya mbavuni, ambayo kihisi wakati mwingine huyachukua kuwa ni mtikisiko wa kawaida wa mkono. Konde la moja kwa moja na la kuzungusha kinayatofautisha. Lile la kupandisha kidevuni linakibabaisha. Betri ilinifaa kwa mazoezi kadhaa kabla ya kuchajiwa, na jasho halikuiharibu.

Tatizo linaanzia pale programu inapoonyesha namba kubwa nyekundu iitwayo “nguvu”. Kihisi kimekaa kwenye kifundo cha mkono, kwa hiyo kinachoweza kukijua ni mwendo wa kifundo hicho: kilivyoongeza kasi, kilivyogeuka, kilivyosimama ghafla. Konde, hata hivyo, linaanzia chini. Mguu wa nyuma huisukuma sakafu, nayo sakafu huurudishia msukumo uleule. Kisigino kinageuka nje, nyonga inazunguka na kulitangulia bega, kiwiliwili kilichokuwa kimejisokota kinajifungua, bega linaufyatua mkono, na ngumi ndiyo ya mwisho kupata habari. Kuweka kipimo kwenye kifundo cha mkono ni sawa na kusimama kwenye mdomo wa mto na kudai kuwa umekwisha kuiona milima ulikotoka.

Jambo hili lilipimwa zamani kuliko vihisi hivi. Utafiti wa Kisovieti uliochapishwa mwaka 1985 uligawanya mchango wa sehemu za mwili katika konde la moja kwa moja la mkono wa nyuma, na kwa mabondia wa daraja la juu ukakuta kwamba miguu huchangia kama asilimia 38, mzunguko wa kiwiliwili asilimia 37, na kunyoosha mkono asilimia 24. Kwa mabondia wa madaraja ya chini mambo yalikuwa karibu kupinduka, kwani mkono ulichangia asilimia 38 na miguu asilimia 17 hivi. Tofauti ya fundi na mwanagenzi, basi, inaonekana zaidi miguuni, mahali ambapo kihisi changu hakikuwahi kufika.

Mwaka huohuo watafiti wa Uingereza walimpima Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu, kwa kumpigisha shabaha iliyofungwa vipimo. Ngumi yake iliwasili kwa kasi ya mita 8.9 kwa sekunde na msukumo wa kilele ukafika nyutoni 4,096, ambao ni sawa na uzito wa kilo zaidi ya 400. Miaka 20 baadaye, mwaka 2005, mabondia 7 wa kiwango cha Olimpiki wa madaraja mbalimbali ya uzito walipimwa huko Marekani, na kasi ya mikono yao ilikuwa na wastani wa mita 9 na kidogo kwa sekunde. Yaani wao, wakiwemo wepesi kati yao, hawakuachwa nyuma na Bruno kwa kasi. Hata hivyo msukumo wa makonde yao uliongezeka kadiri daraja la uzito lilivyopanda, na sababu kuu haikuwa kasi bali kiasi cha mwili kilichofika pamoja na ngumi, ambacho kwa wastani kilikuwa sawa na kilo 2.9.

Kilo hizo ndizo zinazonifanya nikitilie shaka kifaa. Kiasi cha mwili kinachofika na ngumi si kitu cha kuzaliwa nacho tu. Mtu mmoja anaweza kukiongeza au kukipoteza kati ya konde moja na jingine. Kifundo kikilegea wakati wa kugusa, kiwiko kikitoka nje ya mstari wa ngumi, au bega likibaki nyuma, ngumi hufika peke yake kama mjumbe asiye na jeshi. Wapigaji waliopimwa kwa vipima-misuli wameonyesha kwamba misuli ya kiwiliwili hukaza mara mbili: mara ya kwanza wakati wa kuanza, kisha hulegea ili mkono uende kasi, halafu hukaza tena wakati wa kugusa ili mwili uwe kitu kimoja nyuma ya ngumi. Kukaza kwa kwanza na kule kulegea kunaonekana kwenye namba ya kasi. Kukaza kwa mwisho, ambako ndiko kunakomuumiza mpinzani, hakuonekani.

Nilifanya jaribio la kijinga kidogo. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya begi, miguu ikiwa hewani, nikapiga makonde kumi ya mkono wa kulia, kisha nikasimama katika mkao wangu wa kawaida na kupiga kumi mengine. Namba ya “nguvu” ilishuka kidogo tu nilipokuwa nimekaa. Begi lilitoa ushahidi tofauti kabisa: nikiwa nimesimama lilijikunja katikati na kutoa mlio mzito mfupi, nikiwa nimekaa liliyumba kivivu na mnyororo ukalia kuliko ngozi. Nikajaribu pia kupiga hewa bila kugusa chochote, na baadhi ya makonde hayo yalipata namba kubwa kuliko yote ya siku hiyo.

Baya zaidi ni kwamba namba humfundisha mtu. Kufikia wiki ya nne nilikuwa nimeanza kuifukuza bila kujijua. Nilikuwa narudisha mkono kabla konde halijaingia vizuri, kisigino cha nyuma kinaruka mapema, na uzito unabaki juu ya vidole badala ya kupita nyongani. Kocha wangu, ambaye hana habari na simu yangu, aliniuliza: “Mwanangu, mkono unaukimbiza wapi peke yake?” Nilipovua vihisi kwa wiki moja, begi likaanza kujikunja tena.

Anayetaka kuona kitu ambacho kifaa kama hiki kisingekiona na atazame picha za konde la kushoto ambalo Joe Frazier alimwangushia Muhammad Ali katika raundi ya 15 mwezi Machi 1971. Macho mengi hufuata glovu. Afadhali kuanza na magoti, kisha nyonga, na kuiacha glovu mwisho, kwa utaratibu uleule ambao konde lenyewe lilisafiri.

Haya hayanifanyi nivitupe. Vihisi vimenionyesha jambo ambalo sikulijua, kwamba katika dakika ya mwisho ya raundi mkono wangu wa kushoto hupunguza makonde karibu nusu ilhali wa kulia unaendelea, na kasoro hiyo ya stamina nimeirekebisha kwa sababu ya hesabu zao. Ningependa tu watengenezaji waliondoe neno “nguvu” na waandike “kasi ya kifundo”, hata kama litauza kidogo. Kwa mtu anayeanza kabisa ningeshauri asubiri mpaka miguu yake ijue kugeuka bila kuambiwa, kwani mapema kuliko hapo namba zitampeleka mkononi, mahali ambapo wanagenzi wote tayari wanapenda kwenda.

Kwa sasa nakivaa kihisi cha kushoto peke yake, siku za jebu tu, kwa kuwa jebu, lile konde la moja kwa moja la mkono wa mbele, ni konde linaloishi kwa wepesi na wingi. Cha kulia kimebaki ndani ya kasha.