Taa za mchana zinazogeuka indiketa: kabla hujalipa, itazame ile nyeupe

Nilikuwa natoka Kilifi kwenda Watamu, saa saba mchana, jua la utosi. Pale Gedi nikaweka indiketa ya kulia, nikasimama katikati ya barabara kungoja nafasi ya kukata. Mbele yangu likawa linakuja lori la chumvi kutoka Gongoni. Dereva akanipigia honi ndefu, akafunga breki mpaka nikasikia matairi yakilia, kisha akashusha kioo: "Mama, unakata au unaenda? Mbona huweki indiketa?"

Nilikuwa nimeiweka. Kwenye dashibodi mshale wa kijani ulikuwa unakopesa, yaani ukiwaka na kuzimika, vizuri kabisa. Nilipovuka nikaegesha kando, nikaacha hazadi zinawaka, nikashuka nikasimama hatua kumi mbele ya gari langu. Nilichokiona ni mstari mweupe mkali kila upande, na ndani yake kitu cha manjano kinapita haraka kama samaki chini ya maji. Manjano ikizimika, nyeupe inarudi pale pale. Manjano, nyeupe, manjano, nyeupe. Kwa jua lile hata mimi niliyejua kuna indiketa ilibidi nikaze macho.

Hiyo ndiyo tepu ya taa ya kubandika, nyeupe kama taa ya mchana (ile inayowaka mbele gari likitembea mchana) na manjano ukiweka indiketa, niliyouziwa kwa shilingi 3,500 pamoja na kufungiwa, nikiambiwa ni "ya kisasa, mama, inafanya kazi mbili". Tangu siku hiyo nimewatazama sana wenzangu wa hapa Malindi wenye taa kama hizo, kuanzia Probox za abiria mpaka tuktuk za Barabara ya Lamu, na wengi wana kasoro ile ile bila kujua. Shemeji yangu wa Shela alibisha mpaka nilipomsimamisha mbele ya gari lake mwenyewe.

Kwa hiyo ukitaka kununua, waachie wengine habari za mwangaza, rangi na madoido ya taa kutiririka. Muulize muuzaji swali moja: manjano inapozimika kati ya kukopesa na kukopesa, nyeupe inafanya nini? Jibu sahihi ni kwamba nyeupe ya upande huo haiwaki kabisa mpaka indiketa izimwe. Si matakwa yangu tu. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari inasema hivyo hivyo: taa ya mchana iliyo pamoja na indiketa lazima izimike muda wote indiketa inapofanya kazi, inapowaka na inapozimika. Watengenezaji wa magari wanalijua hili zamani. Ulaya taa za mchana zimekuwa lazima kwa aina mpya za magari tangu 2011, na ukiangalia gari lililotoka kiwandani na taa ya mchana iliyo pamoja na indiketa, utaona upande unaokopesa hauna weupe hata chembe.

Kuipima ni kazi ya dakika mbili. Mwambie akuletee betri ya gari, aunge waya mweusi kwenye hasi na ule wa taa nyeupe kwenye chanya, kisha waya wa indiketa augusishe kwenye chanya na kuutoa, kugusa na kutoa, mara moja kila sekunde hivi. Toka nayo nje juani, usiangalie kivulini mwa duka. Nyeupe ikirudi kila anapoutoa waya, mrudishie. Kifaa kizuri kinasubiri sekunde chache baada ya mguso wa mwisho ndipo kinarudisha nyeupe. Muuzaji akikataa kuleta betri, umeshapata jibu lako.

Sasa nizipange taa zenyewe kwa nafasi, bora kwanza, na sifichi upande wangu. Ya kwanza ni balbu za Diode Dynamics, kampuni ya Marekani iliyoko St. Louis. Ni balbu za rangi mbili zinazokaa ndani ya taa yenyewe, si kitu cha kubandikwa nje. Zangu aliniletea binamu yangu alipokuja likizo, na kwenye gari langu zinafanya nilichokuwa nakitafuta: nikiweka indiketa, nyeupe inakatika na manjano inabaki peke yake. Nilirudi nazo Gedi saa saba ile ile, nikamwomba fundi wangu asimame ng'ambo ya barabara karibu na wauza maembe, na akainua mkono tangu kopeso la kwanza. Ni ghali, na Malindi sijaziona dukani. Lakini nimeshanunua tepu mara moja na ninajua hasara yake.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya kuagiza. Magari mengi ya Japani tunayoendesha, Fielder yangu ikiwemo, yana balbu ndogo ya T10 kwa taa ya kuegesha na balbu ya T20 ya njia moja kwa indiketa, kila moja na tundu lake. Balbu ya rangi mbili ya 7443, yaani T20 ya njia mbili, inahitaji tundu la njia mbili. Ukiichomeka kwenye tundu la kawaida la indiketa, nyeupe haina waya wa kuipa umeme. Fundi wa waya atakubadilishia tundu, kisha atavuta waya wa nyeupe kutoka kwenye fyuzi inayopata umeme ukiwasha swichi. Asiutoe kwenye betri moja kwa moja, la sivyo utaamka asubuhi betri imelala. Na kioo cha indiketa kiwe cheupe. Kama kioo chenyewe ni cha rangi ya machungwa, usinunue chochote, kwa sababu nyeupe yako itatoka ya machungwa.

Nafasi ya pili ni taa kamili zilizotumika kutoka Japani, zenye jina la Koito au Stanley, watengenezaji wa taa wa huko huko, za gari la aina yako lakini daraja la juu. Taa hizi zina nidhamu ya kiwandani na vioo vyake havifubai upesi. Shida ni plagi. Mara nyingi taa ya daraja la juu ina pini nyingi kuliko waya za gari lako, na bila fundi anayejua kusoma mchoro wa waya utabaki na taa nzuri isiyowaka. Usilipe kabla hujafananisha plagi kwa macho yako.

Ya tatu ni zile taa za bampa za China zilizotengenezwa kwa umbo la gari maalum, zinazokuja na kisanduku cha rilei. Nyingine ni nzuri, nyingine zina ugonjwa ule ule wa nyeupe kurudi, na boksi haliwezi kukuambia. Pima kwa betri.

Tepu za kubandika, nafasi ya nne. Gundi inaachia kwa joto, chumvi ya bahari inaingia kwenye maungio, waya unageuka kijani.

Ukishaweka taa za LED kwenye indiketa, utakutana na kukopesa kwa pupa. Balbu ya kawaida ni ya wati 21. LED inakula kidogo sana, gari linadhani balbu imeungua na linaharakisha. Indiketa inatakiwa ikopese mara 60 hadi 120 kwa dakika. Ihesabu kwa saa yako. Kwa gari lenye rilei ya kuchomoa, yaani kile kifaa kinachoikopesha indiketa kwa kuwasha na kuzima, nunua rilei ya LED na shida imekwisha. Magari ya karibuni kazi hiyo inafanywa na kompyuta, kwa hiyo inabidi kufunga resista, kifaa kinachokula umeme kama balbu ya kawaida, mara nyingi ya omu 6. Resista hiyo inatoa joto la takriban wati 30. Fundi wa kwanza aliifunga yangu kwa tepu nyeusi juu ya plastiki ya bampa, na siku nilipoacha hazadi muda mrefu ikachimba shimo la ukubwa wa kidole. Ifungwe kwenye chuma kitupu, mbali na waya nyingine.

Na sasa bei, maana hili linaniuma. Nilipopiga simu kuuliza seti ya taa za bampa niliambiwa 6,000. Nilipofika mwenyewe na watoto garini ikawa 9,500, eti "mzigo umepanda Mombasa". Nikamtuma fundi kesho yake, akaipata kwa 5,500. Duka lile lile, boksi lile lile. Wengine wanabandika stika ya jina kubwa juu ya boksi lisilo na jina. Niliibandua moja kwa ukucha mbele ya muuzaji, na chini yake hapakuwa na kitu. Wala hawakupi risiti, ili ukirudi na kasoro wakwambie hawakujui. Dai risiti iandikwe aina ya taa na neno "inarudishwa ikishindwa kwa betri". Mmoja aliniandikia bila kununa, na ndiye ninayenunua kwake hadi leo.

Maungio yote fundi alehemu na kuvika mpira wa kusinyaa kwa moto, siyo kusokota na kufunga tepu. Kwangu upande wa kushoto ulisokotwa, na tayari una ukungu wa kijani. Utafunguliwa kabla ya masika.