Mkandarasi aliyesajiliwa kwa nyumba ya kuishi: pesa yako inanunua nini?

Mafundi watakaomwaga zege nyumbani kwako ni walewale, uwe umempa kazi mkandarasi mwenye cheti au fundi mkuu wa mtaani. Hili watu wengi hawaambiwi mapema, halafu wanashangaa kuona sura walizozizoea Tegeta au Chanika zimevaa viakisi vya kampuni. Kile kinachoongezeka kwenye bei ya mkandarasi ni dhamana: kampuni moja yenye jina la kisheria, inayobeba lawama ya msingi, zege, paa na bomba, na ambayo bodi ya usajili inaweza kuifutia cheti. Dhamana hiyo ikiandikwa na kufuatiliwa, huduma hii ina thamani ya bei yake. Isipofuatiliwa, umelipa faida ya kampuni ukapata kazi ya mtaani.

Tanzania usajili uko chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, kwa sheria namba 17 ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wana madaraja 7, la kwanza likiwa la juu. Kila daraja lina kikomo cha thamani ya mradi mmoja, isipokuwa la kwanza. Kenya kazi hiyo inafanywa na NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na madaraja ni 8. Nyumba ya vyumba vitatu isiyo na ghorofa haihitaji mkandarasi mkubwa. Daraja la saba au la sita linatosha, na mara nyingi mwenye kampuni utamkuta mwenyewe saiti. Mkubwa atakutoza gharama za ofisi yake, kisha akutumie msimamizi aliyemaliza chuo juzi.

Omba cheti pamoja na risiti ya ada ya mwaka huu, kisha tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya bodi. Angalia pia aina ya usajili. Kampuni iliyosajiliwa kwa kazi za barabara haijasajiliwa kwa majengo, hata kama cheti kina muhuri uleule.

Kasoro kubwa kuliko zote za huduma hii ni cheti cha kuazima. Fundi mzoefu asiye na usajili anakubaliana na kampuni yenye cheti, anailipa asilimia fulani, na jina la kampuni linawekwa kwenye bango la saiti. Kampuni yenyewe haifiki hata siku ya kupima msingi. Nyumba ikipasuka, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Dalili zake zinaonekana kabla hujatoa hata shilingi. Anayesaini mkataba hayumo kwenye wakurugenzi walioandikishwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, wala hana barua ya kuidhinishwa nao. Akaunti ya malipo ni ya mtu binafsi. Ukiomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaambiwa itakuja baadaye. Ukiona mojawapo, simamisha mazungumzo mpaka wakurugenzi waje wenyewe. Lipa kwenye akaunti ya kampuni tu, hata kwa mfuko mmoja wa saruji.

Baada ya hapo uzito wote uko kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo vyake na bei. Makandarasi wadogo wengi huleta karatasi moja: msingi kiasi hiki, boma kiasi hiki, kupaua kiasi hiki. Karatasi hiyo haina kipimo, kwa hiyo ugomvi ukitokea haina msaada. Mstari unaofaa husomeka hivi: zege la 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4) kwenye lenta, upana sm 15, kimo sm 20, meta za ujazo 2.1, bei kwa meta ya ujazo. Namba hiyo mtu yeyote anaweza kuihakiki. Kuta zenye jumla ya meta 70 zikipewa lenta ya vipimo hivyo zinatoa 2.1 kamili. Nondo ziwe na mstari wao kwa kilo, zikitajwa mm 12 ngapi na mm 8 ngapi za ringi. Mbao za kuseti, zinazoshikilia zege likiwa bichi, ziwe peke yake. Uliza mapema kama VAT imo ndani ya bei, maana swali hilo likiachwa hadi malipo ya mwisho huwa chungu. Kwa nyumba ya ghorofa, mlipe mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akuandalie BOQ kabla ya kuita bei, ili makandarasi watatu wajaze karatasi moja na uweze kuwalinganisha mstari kwa mstari. Bei iliyo chini sana ya nyingine ichunguze kwenye nondo na zege, kwa kuwa ndiko inakopunguzwa.

Malipo ya awali yasizidi asilimia 20, na yakatwe kidogo kidogo kwenye kila malipo yanayofuata. Yanayobaki yalipwe kwa kazi iliyopimwa ikasimama. Vifaa vilivyoshushwa tu saiti visihesabiwe kuwa kazi. Zuia asilimia 10 ya kila malipo, utoe nusu siku ya makabidhiano na nusu baada ya kipindi cha uangalizi wa kasoro. Kipindi hicho kiwe miezi 12, ili nyumba ipitiwe na masika na vuli. Makandarasi wengi watakuomba miezi 6. Usikubali, kwa sababu bati linalovuja na ukuta unaopanda unyevu hujionyesha mvua inapokuja.

Siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ndiyo siku ya kumjua mkandarasi. Chukua slabu ya meta 10 kwa 8, unene sm 15. Hiyo ni meta za ujazo 12. Kwa uwiano wa 1:2:4 inahitaji mifuko 76 hivi ya saruji ya kilo 50, mchanga meta za ujazo 5.3 na kokoto 10.6. Zikishushwa saiti mifuko 60 na slabu ikajaa, mifuko 16 haikuingia humo, na hakuna plasta itakayoirudisha. Mhandisi akiandika C25, yaani daraja la nguvu ya zege, kwenye michoro, usiridhike na uwiano wa ndoo. Dai vipande vya zege vya sm 15 kila upande, vivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28, na gharama yake iwe ndani ya BOQ.

Maji ndiyo huharibu zege zuri. Mfuko mmoja unahitaji lita 25 hadi 28 hivi, pungufu mchanga ukiwa umelowa. Wabeba karai hupenda zege linalotiririka kwa sababu ni jepesi kusambaza, na mwenye mikisha, mashine ya kuchanganyia zege, huwaongezea ndoo nzima bila kuulizwa. Hapo msimamizi wa kampuni ndipo anapopata mshahara wake: asimame kwenye mikisha, asikae kivulini na simu. Nondo ziinuliwe kwa vitofali vidogo vya zege vya sm 2.5. Kokoto iliyosukumwa chini ya nondo huteleza mara watu wanapopita juu, nondo zikalala kwenye mbao, na miaka michache baadaye kutu inamenya dari. Vaibreta, mashine za kutikisa zege lishikamane, ziwe mbili, maana moja ikizima katikati ya kazi hakuna muda wa kwenda kuazima. Baada ya hapo slabu ibaki na maji siku 7 mfululizo, na mirunda inayoishikilia kwa chini isiguswe kabla ya siku 14. Mkandarasi mwenye saiti tatu na seti moja ya mbao atataka kuing'oa siku ya 8 aihamishie kwingine. Andika idadi ya siku kwenye mkataba.

Kwenye msingi wengi hufanya vizuri, isipokuwa kifusi. Kinamwagwa chote kwa mpigo na kushindiliwa juu tu, kisha jamvi, zege la sakafu ya chini, linazama na vigae vinapasuka kwenye kona za sebule. Kishindiliwe kwa tabaka za sm 15 hadi 20 kikiwa na unyevu, dawa ya mchwa ipigwe, nailoni itandikwe, ndipo zege lije. Umeme usiachiwe kibarua wa kampuni. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja linaloruhusu kazi hiyo, na nakala yake ikae kwenye faili lako pamoja na kibali cha ujenzi cha halmashauri.

Kwa uzio, choo cha nje au kubadili vigae, huduma hii ni ghali bila sababu, na fundi mwaminifu anatosha. Kwa nyumba ya chini kwenye udongo mzuri, mwenye nafasi ya kushinda saiti anaweza kununua vifaa mwenyewe na kumpa mkandarasi kazi ya ufundi tu, ila ajue kwamba hapo lawama ya vifaa imerudi kwake. Kwa ghorofa, kiwanja cha mteremko, au mwenye nyumba anayeishi Muscat au Mwanza huku nyumba inajengwa Kibaha, mkandarasi aliyesajiliwa hana mbadala.

Siku ya makabidhiano usipokee funguo kwanza. Ziba mashimo ya sakafu ya bafu la juu, jaza maji ya sm 3, uyaache saa 24, kisha kaangalie dari iliyo chini yake. Fungua bomba zote kwa pamoja. Dai michoro inayoonyesha nyaya na mabomba yalikopita ukutani. Andika kasoro zote kwenye karatasi moja yenye saini zenu wote wawili na tarehe ya kumaliza kila moja, ndipo utoe nusu ya fedha uliyoizuia.