TAHADHARI: Throto nne za "blacktop 45" zilizopakwa rangi. Vena (kifaa cha kupimia upana) iingie mpaka kwenye kipepeo kabla hujatuma hela

Wakuu, habari za saa hizi. Naandika nikiwa bado na hasira, lakini nitajitahidi ninyooke, maana nawajua wenzetu wawili wanaotafuta seti ya throto nne (milango ya kuingizia hewa kwenye injini, ndani yake kuna kipepeo kinachofungua na kufunga) wakati huu, na huyu jamaa yuko hewani bado anatangaza.

Gari yangu ni Toyota Corolla AE92, injini 4A-GE ya valvu 16, cc 1,587. Nilitaka kutoa manifoldi yake (bomba za kugawa hewa kwa silinda) ya throto moja nifunge nne, kila silinda ivute hewa kwa mlango wake. Kwa Toyota hizi, njia isiyoua mfuko ni kutafuta throto za 4A-GE ya valvu 20, kwa sababu ile ilitoka nazo kiwandani. Fundi wa mashine anakukatia adapta ya alumini ya kuziunganisha na injini yako, mnaendelea na maisha.

Sasa seti za valvu 20 ziko mbili. Ya kwanza ni ya silvertop, kava la injini la rangi ya fedha, iliyokuja kwenye Levin na Trueno za AE101 kuanzia 1991. Kipepeo chake ni milimita 42. Ya pili ni ya blacktop, kava jeusi, AE111 za kuanzia 1995, kipepeo milimita 45. Milimita 3 ukizitaja hazishtui mtu, ila ukipiga hesabu ya tundu, ya 45 ina nafasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 15. Ndiyo maana blacktop ina bei yake, na ndiyo maana kuna watu wanaivisha silvertop nguo za mwenzake.

Muuzaji nilimpata mtandaoni. Picha kali, injini zimepangwa chini, anasema mzigo anaushusha mwenyewe kutoka Sharjah. Duka eti liko Dar, mimi niko Dodoma. Alitaja 1,800,000, tukavutana mpaka 1,600,000 na nauli ya basi juu yake. Lugha tamu: "bosi wangu", "kaka yangu", "wewe ni mtu wa magari, najua utanielewa". Nilipomuomba apime, hakusita hata kidogo. Dakika tano nyingi, picha ikaingia: vena ya kidijitali iko mdomoni mwa throto, inasoma 45.0 bila utata. Hapo ndipo nilipoacha kufikiri, na hapo ndipo naomba mnisikilize.

Throtobodi siyo bomba la maji lenye upana mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Mdomo wake upande wa tarumbeta (koni ya kuvutia hewa) huwa umepanuka, halafu tundu linabana kadiri linavyokaribia kipepeo. Unaposikia 42 au 45, ni kipimo cha pale kipepeo kinapokaa. Sasa yeye alipima mdomoni, na mdomo wenyewe ulikuwa umeguswa na mtu: ile kingo ya ndani ilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa, ya tupa. Kwa hiyo picha haikuwa ya uongo, vena kweli ilisoma 45. Ila ilikuwa inapima kitu kingine.

Mzigo ulifika alfajiri, boksi la juisi limefungwa soltepu kama mtoto mchanga. Kufungua tu, harufu ya rangi. Nyeusi tii, ya kupuliza, ndiyo imekauka juzi. Nilijipa moyo kwamba kaziosha na kuzipendezesha, watu hufanya hivyo. Fundi wangu, mzee mmoja asiyependa maneno, hakuuliza bei. Alichukua moja, akaigeuza, akaniwekea kidole kwenye springi ya kurudishia kipepeo. Springi ilikuwa na rangi. Vichwa vya skrubu ndogo vinavyoshika kipepeo kwenye shafti navyo vilikuwa na rangi. "Kiwandani nani anapaka rangi springi?" Akaingiza ukucha kwenye tundu la bolti, ikabanduka ganda, chini yake alumini nyeupe. Kisha akafungua kipepeo, akazamisha vena mpaka pale kinapokaa. Arobaini na mbili. Ya pili, arobaini na mbili. Sikutaka aendelee, akaendelea.

Niwe mkweli: kwa gari la barabarani la cc 1,600, throto za 42 hazina ubaya wowote. Toyota wenyewe walipata farasi 160 kwa silvertop na 165 kwa blacktop, na nyongeza hiyo ya farasi 5 haikutokana na throto peke yake, mgandamizo nao ulipanda kutoka 10.5 hadi 11. Kuna wanaokimbilia tundu kubwa kama vile ni namba ya kiatu, halafu gari inakuwa nzito mguuni huko chini na wanalaumu tyuning. Angeniambia ni silvertop kwa bei ya silvertop ningenunua na kumshukuru. Mimi nilishakatiwa adapta ya 45, kwa hiyo kwenye kila silinda hewa ingekuwa inakutana na ngazi.

Na rangi ilikuwa nafuu kuliko ilichokificha. Shafti ya throto ya tatu ilikuwa inacheza juu-chini, ukiitikisa unasikia tik-tik. Pembeni yake mtu amejaza gundi ya chuma, kaisugua kwa msasa, kapaka rangi juu. Tulizifunga hivyohivyo kwa majaribio, adapta tukaipachika kishikizo, nikitumaini labda. Injini iliwaka, sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) ikapanda 1,800 kwa dakika na kugoma kushuka. Mzee akachukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kila throto, anasikiliza mvumo. Ya kwanza, ya pili na ya nne tuliziweka sawa kwa skrubu. Ya tatu ilifungwa mpaka mwisho na bado inavuma. Tukapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kwenye mzizi wa shafti, mlio wa injini ukabadilika papo hapo. Hewa inaingia kwa mlango wa uani, na hewa hiyo hakuna kontrol boksi (kompyuta ya injini) inayoweza kuihesabu. Ukiwa na throto nne, mara nyingi kompyuta inasoma pembe ya kipepeo na mizunguko ya injini, basi. Kipepeo kikisema "nimefunga" huku silinda inavuta hewa, silinda hiyo inakimbia na mchanganyiko mkavu, hewa nyingi petroli kidogo. Mchanganyiko mkavu na mguu chini ndiyo pistoni iliyotoboka.

Sensa ya pembe ya kipepeo nayo tuliipima kwa mita. Ukifungua taratibu, ukinzani unatakiwa upande bila kukatika. Hii ilipanda, ikaruka, ikarudi, ikapanda. Kwenye hiyo sina uhakika kama alijua. Kwa rangi na gundi alijua.

Nilimpigia siku hiyohiyo. Kwanza "fundi wako hajui kutyuni, bosi". Nikamtumia picha ya vena ikiwa kwenye kipepeo. Akajibu spea za mtumba hazirudishwi. Nikamwambia sikununua mtumba wa 42. Tiki zikabaki moja mpaka leo.

Nikarudi kuangalia nilichopaswa kuangalia mwanzo. Picha za tangazo zilipigwa kwenye sakafu ya marumaru, ile picha ya vena ilipigwa kwenye saruji yenye madoa ya oili. Throto za tangazo zina hozi zake na tarumbeta zake, nilizotumiwa ni kavu. Jina lililotokea wakati wa kutuma hela halikuwa la kwake. Alisema ni la shemeji yake anayeshika akaunti ya duka. Vitu vitatu, na vyote nilivipita kwa sababu alinihimiza kuwa kuna mteja wa Arusha anakuja jioni na hela mkononi. Mteja wa Arusha huyo, nimekuja kugundua, alikuwepo pia kwa jamaa mwingine aliyepigwa kabla yangu.

Namba yake nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi nimefungua RB. Jina la duka siliweki hapa kwa sababu analibadilisha, wiki hii lina lingine. Mtindo wake ndio haubadiliki. Sasa hivi ametoka kwenye Toyota, anatangaza throto "mpya, Jenvey original" (Jenvey ni watengenezaji wa throto wa Uingereza) kwa bei ambayo haiwezi kununua hata seti ya tarumbeta za Waingereza wale. Anayezitaka ajue kuna throto za kuiga zenye nafasi za bolti kama za kabureta za Weber DCOE, zinafunga vizuri tu kwenye manifoldi zake, ila nembo ya mtu haichapwi kwa stika.

Kama ni lazima ununue ukiwa mbali, mtume fundi au ndugu aende na vena na tochi. Afunge kipepeo, amulike kwa nyuma: duara jembamba la mwanga lililo sawa pande zote siyo tatizo, mwezi mchanga upande mmoja ni tatizo. Ashike ncha za shafti na kuzitikisa. Akikataliwa kugusa, aage. Na mkishafunga, wekeni filta. Tarumbeta wazi ni za picha, vumbi la Dodoma halina huruma na silinda.

Seti bado ninayo gereji, sijaipaka wala kuisafisha. Ya tatu nimeifunga kitambaa chekundu. Aliye Dodoma na anataka kujionea ile springi yenye rangi apite jioni yoyote baada ya saa kumi na moja, vena ipo.