Foleni ya 1 iliyokuwa ya mwisho

Swichi hii ya mtandao, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na simu kwa nyaya, niliinunua kwa sababu moja tu: simu zetu za ofisini, ambazo zinapita kwenye mtandao uleule wa kompyuta, zilikuwa zikikatika-katika kila jioni seva inapoanza kutuma nakala rudufu. Nilitaka paketi za sauti (vile vipande vya data vinavyobeba mazungumzo) zitangulie na mafaili yasubiri, basi.

Menyu ya vipaumbele ina foleni nne zilizoandikwa 1, 2, 3 na 4, bila neno lolote la kueleza ipi iko juu. Mimi, kama yeyote aliyewahi kupanga foleni maishani, nilidhani namba moja ndiye anayehudumiwa mwanzo. Nikaelekeza trafiki yenye alama ya DSCP 46, namba ya kipaumbele ambayo simu nyingi huibandika kwenye paketi za sauti, iingie foleni ya 1. Mafaili nikayatupa foleni ya 4. Kisha nikachagua kipaumbele kamili, ambacho hakiruhusu foleni ya chini kutoa hata paketi moja mpaka zilizo juu yake ziwe tupu. Nikahifadhi, nikaondoka nikijipongeza.

Jioni ile simu hazikukatika-katika tena, bali zilinyamaza. Kumbe kwenye kifaa hiki 4 ndiyo ya juu, nami kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa nimeyapa mafaili njia nzima. Kilichonipotezea siku kadhaa ni kwamba kila nilipojaribu mchana sauti ilikuwa safi kabisa, kwa kuwa poti (tundu la waya ambamo data hupita) isipojaa hakuna kinachosubiri, na mpangilio mbovu hautofautishiki na mzuri.

Nilipowapigia huduma kwa wateja (kwa simu ya mkononi, bila shaka), kijana aliyepokea alicheka, akasema, "Hilo hata fundi anayeanza analijua, mzee wangu." Si kweli! Zipo swichi ambazo foleni ya 1 ndiyo ya juu kuliko zote, na nimewahi kuzifanyia kazi. Neno "juu" kando ya hiyo 4 lingetosha, lakini kijitabu chao kimeona afadhali kitumie ukurasa mzima kuelekeza namna ya kukaza skrubu nne.

Nilikuwa nimekusudia kutoa nyota moja. Hata hivyo, baada ya kugeuza namba, nikaiachia sauti pekee kipaumbele kamili na kuzifanya foleni tatu zilizobaki zipokezane zamu kulingana na uzito niliozipa, simu zimetulia hata seva inapotuma kwa nguvu zake zote, na mafaili nayo yanafika bila kuchelewa kwa kiasi cha kulalamikia. Kazi yenyewe, lazima nikiri, inaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia, na mtu akiniuliza nitamwambia ainunue, mradi aanze kuhesabu kutoka chini. Nyota nne, basi.

Nikikumbuka kile kicheko, mbili.