Mills & Boon za Mitumba: Kagua Mgongo Kwanza

Malalamiko ya wasomaji ni yaleyale: mtu kanunua riwaya ya mapenzi ya Mills & Boon pale inama, kwa wauza vitabu vya chini, kakesha nayo, kafika ukurasa wa 176, kisha hakuna kitu. Bwana bado kanuna, bibie bado ana tiketi ya ndege mkononi, na muuzaji keshahamia kona nyingine. Jalada na mwandishi chagueni wenyewe. Hapa tunakagua mgongo.

Vitabu hivi havishonwi kwa uzi. Kurasa hukatwa upande wa mgongo, hupakwa gundi ya moto, kisha hubandikwa jalada. Gundi ikizeeka hukauka ikawa kama ganda la yai. Kitabu kikilazwa juani kando ya barabara kutwa, inalainika. Usiku ikipoa, inapasuka. Kurasa za mwanzo na za mwisho ndizo hutangulia kung'oka, na katika riwaya ya mapenzi mwisho ndio ulioulipia.

Kifungue katikati taratibu. Ukisikia mlio wa biskuti kavu, rudisha. Kisha kiache kifunguke chenyewe kiganjani: kitafunguka palepale mwenyewe wa kwanza alipoparudiarudia, mara nyingi busu la kwanza, na ufa utaukuta hapohapo. Vuta kidogo kurasa mbili za hapo uone kama zinacheza. Mwisho geuza nyuma. Toleo la kawaida la miaka ya 80 na 90 lina kurasa 192. Hadithi huishia karibu na 187, halafu yanafuata matangazo ya vitabu vingine. Ukikuta hadithi imegusa jalada la nyuma bila tangazo hata moja, hesabu kurasa kabla ya kutoa hela.

Kati ya mifululizo ya Mills & Boon, namba moja kwangu, na sifichi upendeleo, ni Modern ya kitabu kimoja kimoja. Ni nyembamba, kwa hiyo mgongo hauvutwi sana, na inaisha kwa usiku mmoja. Angalizo: kampuni ya Harlequin ya Kanada iliinunua Mills & Boon mwaka 1971, ndiyo maana hadithi moja hutoka Uingereza ikiitwa Modern na Amerika Kaskazini ikiitwa Presents, kila moja na jalada lake. Soma ukurasa wa hakimiliki. Mwaka wa toleo la kwanza umeandikwa hapo. Wengi wana hadithi moja mara mbili kabatini na hawajui.

Ya pili ni Historical, mapenzi ya enzi za zamani. Ni nene kidogo, lakini wasomaji wake huitunza.

Tatu, zile za hadithi tatu ndani ya jalada moja, By Request. Thamani ipo, ila unene ndio adui: mgongo hupasukia kwenye mpaka wa hadithi ya kwanza na ya pili, na ukishapasuka umebaki na vitabu viwili visivyo na jalada kamili. Tena zote tatu ni marudio, kwa hiyo linganisha majina na ulizonazo.

Zisizo na jalada, achana nazo. Matoleo mengi ya Marekani yameandikwa ndani kwamba kitabu kisicho na jalada ni mali ya wizi, kiliripotiwa kuwa hakikuuzwa na kimeharibiwa. Nakala za fotokopi ndiyo kabisa.

Ukurasa mmoja mmoja uking'oka, pitisha mstari mwembamba wa gundi nyeupe ya mbao, urudishe, ukandamize chini ya matofali mawili hadi asubuhi. Usitumie supagluu, inakauka ngumu na kuvunja kurasa za jirani.

Na hapa ndipo wauzaji wanapotukera. Mgongo ukilegea wanapiga pini za stepla katikati ya maandishi, wanazungushia selotepu, kisha wanaongeza bei kwa sababu "imekarabatiwa". Kwa Mombasa pini hizo hupata kutu kabla hujamaliza sura ya tatu. Wengine wanapanga bei kwa unene, kitabu kizima cha kurasa 192 kikauzwa rahisi kuliko mabaki ya vitatu-kwa-kimoja, halafu bei yenyewe imeandikwa kwa kalamu nene juu ya aya ya kwanza.