EliteBook yangu ya zamani: dola zilizofaa na dola zilizopotea

Ninachapa TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi hapa Lubumbashi, na mashini yangu ni HP EliteBook 840 G1 niliyoinunua ikiwa okazioni, yaani imeshatumika. Mwaka jana ilianza kunitia aibu. Mteja amesimama mlangoni na flashi yake mkononi, mimi nangoja Word ifunguke. Naenda kununua unite za simu kwa jirani, narudi, kiduara bado kinazunguka.

Muuzaji mmoja wa mjini akanishauri niiache, nichukue yenye prosesa ya kizazi cha nane kwa dola 260. Hakuwa anadanganya. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi i5-4300U yangu, ambayo ni ya kizazi cha nne. Prosesa yenyewe imechomelewa kwenye ubao mkuu wa mashini, haichomoki. Lakini dola 260 nitachapa kurasa ngapi kuzipata?

Nikampelekea kijana fundi kule Kamalondo. Kabla ya kugusa kitu, alitazama mashini inavyofanya kazi: diski inahangaika kwa asilimia 100 ya nguvu yake, prosesa haifiki hata 20. "Yaya, hii mashini haina ugonjwa. Diski tu ndiyo iko muzee."

Nikanunua SSD, diski ya aina mpya, ya GB 256 kwa dola 28. (Noti yangu moja ya dola kumi ilikataliwa kwa mchaniko mdogo kama kucha. Mnajua mambo yetu.) Kifuniko cha chini cha modeli hii hufunguka kwa kusukuma kitasa tu, kwa hiyo hata kahawa haikupoa. Mashini iliyokuwa ikichukua karibu dakika nne kuwaka sasa inachukua sekunde ishirini hivi. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayohangaika kutafuta faili huku na huku. SSD haina kinachozunguka.

RAM nayo, kumbukumbu ambayo mashini hutumia ikiwa kazini, niliongeza kutoka GB 4 hadi 12. Kwanza niliuziwa RAM ya aina ya DDR4, ambayo haiingii kabisa kwenye tundu la DDR3L la mashini yangu, nikairudisha kwa ugomvi kidogo. Tofauti naiona nikifungua Chrome yenye kurasa nyingi. Kwa kuchapa tu, ingeweza kusubiri.

Betri ndiyo majuto yangu. Kwa jinsi umeme unavyokatika, niliihitaji kuliko vyote, nikatoa dola 35 kwa kitu kilichoitwa kipya. Wiki ya kwanza ilidumu kwa muda wa saa tatu, mwezi wa tatu dakika hamsini. Muuzaji anasema nimechaji vibaya!

Kilichonishangaza ni dola 5 za kusafisha feni na kupaka pasta mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Vumbi jekundu la kiangazi lilikuwa limeganda mle ndani kama udongo wa matofali.

Kwa kuwa Windows 10 haisasishwi tena, nusu ya SSD nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, kwa mambo ya pesa na barua pepe. Kuchapa bado nachapia Windows 10, maana LibreOffice, inayoshika nafasi ya Word kwenye Linux, huvuruga majedwali ya wanafunzi.

Sitaongeza tena hata franka. Ubao ukifa, SSD nitaihamishia mashini nyingine. Diski ya zamani niliinunulia kasha la USB, na humo natunza nakala za TFC zote. Tayari wawili wamerudi kunililia kwamba flashi zao zimepotea.